Re: Kanuni za maadili kwenye kongamano, zinatosha kubandikwa mlangoni?
Dada, umeuliza kama kubandika kanuni mlangoni kunatosha kwa kongamano lenu la watengenezaji programu. Hakutoshi. Python Software Foundation, shirika linalosimamia lugha ya programu ya Python, iliamua mwaka 2012 kutofadhili makongamano yasiyo na kanuni za maadili, na ilifanya vyema, lakini lazima awepo mtu wa kupokea malalamiko. Chagueni wawili watatu, angalau mmoja mwanamke, wavae fulana za rangi yao, na namba yao ya simu iandikwe nyuma ya kila beji. Wasiwe wadhamini wala wasemaji wakuu, maana mara nyingi anayelalamikiwa ni mkubwa. Mtu akija, asikilizwe faraghani, aulizwe anataka kifanyike nini, na jina lake lisifike kwa kamati nzima bila ridhaa yake. Hapo msilegeze hata kidogo! Habari ikivuja mara moja tu, mwakani hakuna atakayefungua mdomo. Mengine ni mepesi: chumba cha utulivu, maji, mahali pa kuswalia, utepe wa rangi tofauti kwa asiyetaka kupigwa picha. Na usiku hakikisheni kila anayeondoka ana usafiri.