Jibu: Ruzuku ya serikali na uhuru wa ushirika wenu

Ndugu, umeuliza kama ushirika wenu ukipokea ruzuku utageuka kuwa mali ya serikali. Hapana, ila hofu yako ina msingi. Kati ya misingi saba ya ushirika iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, wa nne unagusa jambo hilihili: chama kinaweza kuchukua mtaji wa nje, hata wa serikali, mradi masharti yasiwapokonye wanachama mamlaka yao. Kwa hiyo someni mkataba mstari kwa mstari kwenye mkutano mkuu, kabla mwenyekiti hajatia saini. Nani atateua meneja? Nani ataamua ziada, yaani faida ya chama, igawanywe vipi? Kama jibu si "wanachama", msikubali.

Mimi ningeomba mafunzo ya uhasibu kabla ya fedha taslimu. Nimeona vikundi vikipewa mashine nzuri, kisha zikalala kwa kukosa fundi na vipuri; inauma sana. Fuatilieni pia zabuni za serikali, maana mnunuzi wa uhakika hudumu kuliko ruzuku. Na hisa zenu, hata kama ni ndogo, wanachama mmalize kuzilipa zote kwanza, kabla ya kupokea ruzuku.