Darubini ya Kompyuta Haina Macho: Mambo ya Kujua Kabla ya Usiku wa Kwanza

Usiku wangu wa kwanza na darubini ya kompyuta ulikuwa wa tarehe 7 Machi. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ilikuwa juu mbele yangu, haina wingu wala mti wa kuikinga. Nikaichagua kwenye rimoti. Rimoti ikajibu kwamba nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, yaani haionekani angani. Nikakubali nyota ambayo mashine yenyewe iliipendekeza, Arcturus. Mota zikanguruma, darubini ikazunguka, ikasimama ikielekea mahali patupu. Nilihangaika karibu saa tatu. Nilizima na kuwasha, nikabadilisha betri, nikaanza kuamini kwamba nimeuziwa kifaa kibovu.

Kifaa kilikuwa kizima. Rimoti ile ilitaka mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. Mimi niliandika 07/03 kama nilivyozoea, nayo ikasoma Julai 3. Kila siku nyota huchomoza takriban dakika 4 mapema kuliko jana yake, kwa hiyo zile siku 118 za ziada ziliisogeza anga ya kwenye kompyuta kwa karibu digrii 116. Mashine ilikuwa inaniongoza kwa uaminifu kabisa, ila katika anga ya usiku ambao ulikuwa bado haujafika.

Tangu hapo, kila anayeniuliza aanzie wapi namjibu hivi: darubini hii haina macho. Ina mota mbili, gia, saa, na orodha ndefu ya nyota na vitu vingine vya angani. Haijui imesimama wapi duniani, haijui kaskazini ni upande gani, haijui hata kama miguu yake mitatu imekaa sawa. Inajua kile tu ulichoiambia. Zipo za bei ya juu zenye GPS na kamera ndani, zinazojitafutia zenyewe. Nyingi za kuanzia hazina, na hizo ndizo ninazozungumzia.

Anza mchana. Watu wengi hufungua boksi jua likizama, kisha wanapapasa skrubu gizani huku wakishika maelekezo mdomoni. Usifanye hivyo. Funga darubini kwenye stendi mchana, jua kila kitasa kinakaza nini, washa mota uone inazunguka bila kukwaruza na bila waya kujisokota kwenye mguu. Kisha rekebisha kilengeo, yaani ile darubini ndogo au kile kioo chenye nukta nyekundu kilichopachikwa juu ya bomba kubwa. Weka lenzi ya kutazamia yenye ukuzaji mdogo, mara nyingi ile iliyoandikwa 25 mm, tafuta ncha ya mnara au ya nguzo iliyo mbali, angalau nusu kilomita, iweke katikati ya darubini kubwa, halafu zungusha skrubu za kilengeo mpaka nacho kielekee ncha ileile. Rudia na lenzi ya 10 mm. Kazi hii ya dakika kumi itakuokoa usiku mzima, kwa sababu kilengeo kikiwa kimepinda utaiona nyota kwenye nukta nyekundu lakini ndani ya darubini hutaona kitu.

Na hapa naomba unisikilize sana: mchana huo usiielekeze darubini karibu na jua, hata kwa kupita. Jua kupitia darubini isiyo na kichujio maalumu mbele ya bomba linapofusha kabla hujapata muda wa kuondoa jicho. Darubini yenye mota ni hatari zaidi, kwa kuwa ikiamriwa kwenda mahali hupita njia yake yenyewe bila kujali jua liko wapi. Nikitoka kidogo huwa naacha vifuniko vimefungwa, cha bomba kubwa na cha kilengeo. Watoto wakiwepo, siondoki kabisa.

Usiku ukifika, rimoti itakuuliza maswali, na makosa mengi huzaliwa hapo. Tarehe nimeshaieleza: soma mpangilio kabla ya kuandika. Saa ina mtego wake kwetu tunaohesabu saa za Kiswahili. Rimoti inataka mfumo wa saa 24, ambao siku yake huanza usiku wa manane. Saa mbili na nusu usiku ni 20:30. Ukiandika 2:30, yenyewe itaelewa saa nane na nusu za usiku. Kisha itauliza kama mnatumia saa za majira ya joto, zile zinazosogezwa mbele katika nchi kadhaa. Kama nchi uliyopo haisogezi saa, chagua saa za kawaida na uendelee.

Mahali nako kuna mtego. Simu itakupa latitudo na longitudo kwa desimali, lakini rimoti nyingi zinataka digrii na dakika. Digrii 6.8 si digrii 6 na dakika 8. Ni digrii 6 na dakika 48, kwa sababu digrii moja ina dakika 60. Zidisha ile desimali kwa 60. Na angalia herufi: N ni kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Nimekutana na darubini iliyokaa miezi mitatu kabatini kwa sababu ya S iliyoachwa N. Ukishajaza yote, andika kwenye karatasi na uigandishe kwenye stendi.

Kinachofuata ni ulinganishaji: mashine inaelekea nyota, wewe unaiweka katikati na kubonyeza kubali, kisha nyota ya pili, nayo inajua anga imekaaje. Kuna atakayesema, mbona mashine itajirekebisha nikiionyesha nyota mbili? Ni kweli kwa kiasi fulani. Nyota mbili zilizotambuliwa vizuri husahihisha mengi, hata stendi iliyoinama kidogo. Shida ni kufika kwenye hizo nyota. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ukikosea saa moja, darubini itasimama pembeni ya nyota kwa kama digrii 15 hivi, na mgeni atafanya nini? Atatafuta nyota yoyote inayong'aa hapo karibu, aiweke katikati, abonyeze kubali. Sasa amemwambia kipofu kwamba huyu ni Arcturus, kumbe ni mwingine. Kuanzia hapo kila kitu kitakosewa, na skrini inaweza kuandika kwamba ulinganishaji umeshindikana bila kukwambia kosa liko wapi. Mwezi na sayari ndizo zitakazokuonyesha kosa la saa au la tarehe hata kama nyota zimekaa sawa, maana zenyewe zinahama kati ya nyota. Mwezi husogea karibu nusu digrii kila saa, sawa na upana wake wenyewe.

Kwa hiyo jifunze nyota chache kwa macho yako. Si lazima ziwe nyingi. Tano au sita za kila msimu zinatosha. Rimoti inatumia majina ya kimataifa, lakini msemaji wa Kiswahili ana bahati: mengi yalitoka Kiarabu na masikio yetu yanayafahamu. Rigel ni rijili, mguu wa Orion, lile jitu la angani. Achernar ni akheri ya nahari, mwisho wa mto, na kweli ndiyo nyota inayofunga kundi la Mto. Canopus ndiyo Suheli ya mabaharia. Ukishajua jina linasema nini, hulisahau.

Jihadhari na nyota zinazofanana zilizo jirani. Castor na Pollux zimeachana digrii nne na nusu tu, nazo ni rahisi kubadilishana. Pollux ndiyo inayong'aa zaidi na ina rangi ya chungwa. Kusini, Alpha Centauri na Hadar nazo zimesimama jirani vilevile. Hadar ndiyo iliyo karibu na Msalaba wa Kusini, na Alpha Centauri ndiyo kali zaidi. Betelgeuse ina wekundu, Rigel ni nyeupe yenye ubuluu. Wengi pia hudhani Polaris, nyota ya kaskazini, ni kali kuliko zote, halafu wanaikosa kwa sababu ni ya wastani tu. Na zile "nyota" kubwa zisizometameta, Zuhura na Mshtarii, ni sayari. Usizikubali rimoti inapotaka nyota.

Chagua nyota mbili zilizoachana sana, zaidi ya digrii 60 ukiweza, moja upande huu na nyingine upande ule. Nyota ya utosini iache: hapo mota ya kuzungusha inalazimika kuzunguka sana kwa mwendo mdogo wa nyota, na kipimo chake si cha kutegemea. Nyota iliyo chini sana iache pia, maana hewa nzito ya upeoni inaipindisha na kuitikisa. Sirius na Capella, kwa mfano, zimeachana kama digrii 66, na zinapokuwa juu ya upeo zote mbili ni jozi nzuri.

Kuiweka nyota katikati ndiko kunakotenganisha ulinganishaji mzuri na wa kubahatisha. Kwa darubini yenye urefu wa fokasi (safari ya mwanga hadi taswira ikusanyike) wa mm 1,000, lenzi ya 25 mm inakuza mara 40 na kuonyesha duara la anga la digrii moja na robo hivi. Katikati ya duara pana namna hiyo ni makisio tu. Itafute nyota kwa 25 mm, kisha badilisha uweke 10 mm, ambayo inakuza mara 100. Halafu haribu fokasi kwa makusudi mpaka nyota ivimbe kuwa kisahani. Kisahani ni rahisi kukiweka katikati kuliko nukta.

Halafu gia. Gia zote zina nafasi kidogo kati ya meno, fundi atakwambia gia inacheza. Ukibonyeza kushoto baada ya kulia, mota huzunguka kidogo kabla bomba halijasogea. Kwa hiyo malizia kila nyota kwa vitufe vilevile viwili. Kwenye mashine nyingi ni cha juu na cha kulia, na maelekezo ya yako yatakwambia. Ukipitiliza, rudi nyuma mbali kidogo kisha uje upya kwa vitufe hivyohivyo. Nilikuwa naona hili ni jambo dogo. Nilipolizingatia, vitu vilivyokuwa vikikaa ukingoni mwa duara vilianza kukaa katikati.

Umeme usiupuuze. Betri nane za penseli zinaweza kufa mapema usiku, na hazifi kwa heshima: volti zikishuka, mota zinakwenda kombo, rimoti inajizima na kujiwasha, na ikijiwasha upya ulinganishaji wote umepotea. Tafuta chanzo cha volti 12 kinachoaminika, chenye ncha ya waya inayolingana na tundu na chanya na hasi mahali pake. Kisha angalia tundu hilo lisilegee wakati bomba linazunguka.

Stendi ya ikweta, ile yenye mhimili ulioinamishwa kulingana na latitudo, ina hesabu zake za ziada, kwani mhimili huo lazima uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka. Kwa aliye mbali kaskazini, Polaris humsaidia. Karibu na Ikweta, Polaris inalala upeoni, na kusini iliyopo ni Sigma Octantis, hafifu ya kiasi cha kuhitaji anga jeusi kweli. Kama nia yako ni kutazama tu, si kupiga picha za muda mrefu, anza na stendi ya kupanda na kuzunguka, ile inayosogea juu na chini, kushoto na kulia.

Ukimaliza nyota mbili, usikimbilie galaksi. Iamuru iende kwenye nyota ya tatu unayoijua kwa macho. Ikitua ndani ya duara la 25 mm, ulinganishaji ni mzuri. Ikitua nje kabisa, rudia mara moja, usibembeleze. Kisha nenda kwenye vitu vinavyoonekana kweli: Mwezi, Mshtarii na miezi yake minne, Zohali na pete zake, Kilimia, nebula (wingu la gesi) ya Orion. Orodha ya rimoti ina maelfu ya vitu ambavyo darubini ndogo haiwezi kuvionyesha, na mgeni akichagua kimojawapo akaona giza, hulaumu ulinganishaji wakati ulinganishaji hauna kosa.

Kabla ya kuzima, tafuta kwenye menyu amri ya kulaza mashine. Ukiitumia na usiiguse stendi, kesho utaiwasha ikiwa bado inakumbuka anga. Na kama kioo cha mbele kimepata umande, usikifute wala usikifunike kikiwa kimelowa. Kiache ndani, bomba likiwa limeinama chini kidogo, mpaka kikauke chenyewe.