Sabyinyo kwa siku moja: saa yako hupangwa na ngazi

Swali la wiki hii lilikuwa: mlima gani hapa Uganda unapandwa na kushukwa siku moja, na nini huwashinda watu njiani?

Jibu langu ni Sabyinyo, katika Hifadhi ya Mgahinga, Kisoro. Wengi hukimbilia Muhavura kwa kuwa ni mrefu zaidi, mita 4,127, lakini anayetaka kutembea juu ya mgongo wa mlima wenye msitu aende Sabyinyo. Jina lake linatokana na meno ya mzee. Ukiutazama kutoka mjini utaona vilele vilivyochongoka na mapengo katikati.

Safari huanzia lango la Ntebeko, mita 2,350 hivi, na kilele cha tatu, cha mwisho katika njia hii, kinapita mita 3,600. Tenga saa nane za kwenda na kurudi. Kupanda basi la usiku kutoka Kampala na kuunganisha moja kwa moja na mlima ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Lala Kisoro kwanza. Renja (askari wa hifadhi) huongozana nanyi, na mpagazi mnaweza kumkodi.

Mianzi ya chini haina shida isipokuwa matope. Hapo gambuti hufaa kuliko raba, ila juu kwenye mawe gambuti pana hucheza mguuni, kwa hiyo vaa soksi mbili nene. Baada ya mianzi miti huvaa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, kisha unapanda mgongo wenyewe hadi kilele cha kwanza. Kutoka hapo hadi cha pili, upande mmoja ni Uganda, upande wa pili ni Rwanda, na pande zote mbili ni korongo.

Kinachowashinda watu hasa ni ngazi za mbao, na zaidi wakati wa kushuka. Panda mmoja mmoja. Kanyaga pembeni, karibu na pale kipandio kilipofungwa, kwa sababu katikati ndiko kinakonepa na kuvunjika. Ukishuka, uso uelekee mlima, na kabla ya kuhamisha kiungo kimoja, vingine vitatu viwe vimeshika. Glavu za sufu zikilowa huteleza. Nunua za bustani zenye mpira kiganjani. Fimbo ifunge kwenye begi. Koti la mvua liwe fupi, maana lile refu kama shuka utalikanyaga mwenyewe ukiwa ngazini.

Sasa saa. Anzeni kabla ya saa mbili asubuhi. Ikifika saa saba mchana hamjaanza ngazi za kilele cha tatu, geukeni. Mvua ya alasiri ikikukuta juu, mbao zilezile ulizopanda zikiwa kavu zinakuwa sabuni. Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ndiyo miezi yenye unafuu.

Beba maji lita 3, rolex mbili (chapati zilizoviringishiwa mayai), karanga na sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Jinzi iache hotelini; ikilowa ni nzito na haikauki.

Kilele cha tatu ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Zima data kabla ya kufika huko: simu inaweza kushika mtandao wa jirani, ukarudi Ntebeko salio limekwisha.