Dogo rapa unayetaka kuchana uzalendo, nisikilize kidogo

Mwaka wa uchaguzi simu zinaita sana, "kaka tunataka ngoma ya taifa, bendera iwepo". Mi nilishaifanya hiyo kazi. 2015 nipo Mbeya, kodi ya chumba nadaiwa, jamaa wa kampeni akaja studio akasoma mistari yangu, akachukua biki akakata ile minne niliyoandika kuhusu bei ya unga na ushuru wa sokoni, akaacha amani, umoja, maendeleo. Nikachana hivyo hivyo. Gari la matangazo likapita nayo Mwanjelwa pale bi mkubwa anapouza ndizi, jioni akaniuliza tu, "mbona sisi wa sokoni hatumo?" Nilikosa jibu, na hela yenyewe nikapewa nusu.

Ndo maana nakwambia kalamu ishike wewe. Rap Bongo ilianzia sana kwa watoto wa ushuani, wale wenye ndugu nje wanaoletewa kaseti, na wengi walichana Kiingereza, ilipogeuka Kiswahili ndo uswahilini tukaipokea ikawa yetu na siasa ikaingia humo humo. Sugu enzi anaitwa Mr. II alichana maisha ya masela, 2010 watu wa Mbeya Mjini wakampa ubunge kupitia Chadema. Professor Jay 2001 kwenye Ndio Mzee aliigiza mgombea anayeahidi kila kitu, 2015 akawa mbunge wa Mikumi kweli. Mwana FA, naye rapa, kaingia bungeni 2020 kutoka Muheza kwa tiketi ya CCM. Chama utachagua mwenyewe, ila hawa walianza kuaminika kijiweni kabla ya jukwaani.

Na ukichana ukweli usidhani ni mteremko. 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wa Wapo, uliodaiwa kuikashifu serikali, kesho yake serikali ikasema Rais Magufuli kaupenda, aachiwe, tena aongezee mistari ya kuwasema wakwepa kodi na wauza madawa ya kulevya. Unaona? Hata ukisifiwa kuna mtu anataka kukuongezea mistari.

Bendera naipenda mno, wimbo wa taifa ukipigwa mwili unasisimka. Lakini nchi ni pamoja na yule mama anayefukuzwa na mgambo na beseni lake kichwani, mtaje. Wakikupigia, uliza nani analipa na nani ana ruhusa ya kukata mistari, wakigugumia we ondoka. Wakikubali, chukua hela yote kabla hujashika maiki.