Mnaopangiwa kazi Mtwara na Lindi mkiwa na watoto wadogo, someni hapa

Kila ajira mpya zikitoka naona maswali ni yaleyale, walimu na manesi wanauliza chumba shilingi ngapi, umeme unakatika sana, mtandao unashika. Ulizeni tu sio vibaya. Ila kama una mtoto ananyonya na mwingine ndo kwanza anatambaa, swali la kwanza sio chumba, ni nani atabaki na hao watoto we ukiwa darasani au wodini, na jibu lake huku kusini linategemea umeingia mwezi gani. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nililetwa na kazi nikaolewa na Mmakonde nikabaki, wanangu watatu wote kliniki wameanzia huku huku, kwa hiyo haya sio ya kusimuliwa.

Mwaka wa huku unaenda kwa korosho. Hata usipokuwa na mkorosho mmoja nyumba yako itaenda kwa korosho tu. Mwezi wa tisa wa kumi hivi zikianza kudondoka, dada wa kazi uliyemzoea, anayejua mtoto analala na khanga ipi, anakuja jioni anasimama mlangoni anakwambia anti nyumbani wananiita nikamsaidie mama kuokota. Hapo usibishane. Kwao msimu ndo hela ya mwaka mzima, mnada wa korosho ukifunguliwa na malipo ya chama cha ushirika yakiingia kuna bati, kuna godoro, kuna ada za wadogo zake, wewe na mshahara wako wa mwezi huwezi kushindana na hiyo. Wengine wanarudi mwezi wa kwanza, wengine hawarudi kabisa, wanafungua genge lao. Sasa nyie wageni mnanuna, mnasema wasichana wa huku hawakai, wakati ungemuuliza tu tangu mwezi wa saba, "mwaka huu unaenda shamba?", angekwambia ukweli na ungekuwa na muda wa kujipanga.

Kujipanga kwenyewe ni hivi, likizo yako ya mwaka usiile mwezi wa nne kwenda kutembea, kama ratiba ya kazini inaruhusu iombe iangukie kwenye msimu. Alafu tafuta mama mtu mzima pale mtaani ambaye haendi tena shamba, kila mtaa wanao, Mtwara mjini Magomeni wapo, Chikongola wapo, Lindi mjini ndo usiseme. Huyo unaongea nae mapema, unamlipa kwa siku au kwa wiki mnavyoelewana, na unampelekea unga na sukari ya uji wa mtoto asitoe kwenye vyake. Usimchukulie poa kwa kuwa hajui kusoma, mtoto wangu wa pili alikuwa na kuhara kwa meno (watu wanasema meno, mi naamini ni uchafu wa vitu anavyookota) na huyo bibi ndo aliyeona mapema kwamba macho yameanza kuingia ndani, akamfunga mgongoni akanifata shuleni.

Na jamani msichukue katoto ka darasa la tano kuja kulea mtoto mwenzie. Sheria inasema chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na hata bila sheria, we unamwachiaje mtoto wa miaka 11 jiko la mkaa na mtoto anayetambaa?

Kitu kingine cha majirani. Huku mtu anasalimiwa. Ukipita na bajaji ukimuona bibi barazani shusha kichwa toa shikamoo, ukihamia nyumba mpya zunguka nyumba mbili tatu ujitambulishe, msiba ukitokea nenda hata kama humjui marehemu, kaa jamvini, osha vyombo, toa kimchango chako. Najua mnatoka mjini kila mtu na geti lake. Ila asiyeonekana msibani hapa siku mtoto amepata homa saa nane usiku na mume yuko safari hana mlango wa kugonga, na wala sio kwamba watu wana roho mbaya, hawakujui tu.

Kwa mnaokuja na mimba au mtajifungulia huku, haki zenu zijueni kabla hamjaenda kuomba. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha siku 100, na ukirudi kazini una ruhusa ya kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba ana angalau siku 3. Hayo masaa mawili wengi hawayaombi, wanaona aibu, matokeo yake mtoto wa miezi mitatu anaanzishiwa uji wakati alitakiwa anyonye tu mpaka miezi 6. Andika barua, ongea na mkuu wako mapema ratiba ikiwa bado haijapangwa, mi niliomba vipindi vyangu viwe vya asubuhi na baada ya mapumziko, katikati natoka nanyonyesha narudi. Kama unakaa mbali kamua. Chupa zile za chuchu ziache, hazisafishiki vizuri na maji yetu haya, tumia kikombe kidogo chenye mfuniko umechemsha na kijiko, mtoto anajifunza haraka kuliko unavyofikiri. Ila joto la huku sio la Mbeya, maziwa uliyokamua yakikaa nje ya friji yasizidi masaa manne, na umeme ukikatika usifungue fungue friji kuangalia kama bado yapo.

Sasa turudi kwenye korosho maana hapo ndo watoto wadogo wanapoumia na wageni hamjui. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, matamu, watoto wanayapenda kufa, wanafyonza mpaka yanachuruzika kwenye viwiko, hilo halina shida zaidi ya doa, na doa la bibo nguo nyeupe sahau, kwa hiyo msimu ukianza tenga nguo za bibo, vitisheti vilivyochoka. Shida ni ile korosho mbichi inayoning'inia chini ya bibo. Ganda lake lina mafuta yanayounguza kama asidi, mtoto akiing'ata midomo inababuka, inavimba, ngozi inatoka, na akijifutia mikono machoni ni balaa lingine. Mwambie dada, mwambie bibi, mwambie na mtoto mwenyewe akishaanza kuelewa, bibo linanyofolewa korosho na mtu mzima ndo anapewa. Na watoto wakubwa wakiwa wanachoma korosho kwenye bati uani, wadogo wawe ndani, yale mafuta yanaruka na moshi wake unawasha.

Kabla ya hapo, kiangazi mwezi wa sita, wa saba na kuendelea, watu wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho. Ni unga wa njano unaopulizwa na mashine alfajiri upepo ukiwa umetulia, na kama nyumba uliyopanga imezungukwa na mikorosho, Naliendele huko au Tandahimba, utaamka umetanda. Funga madirisha, nguo za mtoto usianike usiku, maji ya kunywa funika. Mifuko yake mitupu watu wanaitumia kuwekea vitu, usije ukanunua mahindi yamehifadhiwa humo ukamsagia mtoto.

Malaria. Huku ipo kwelikweli, msijidanganye kwamba mmekaa mjini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kama mwezi wa 11 au 12 mpaka wa nne, na watoto wanaanza kuchemka humo humo. Chandarua chenye dawa unapewa kliniki ukiwa mjamzito na mtoto akienda chanjo ya surua ya miezi 9, kidai kama hawajakupa, na kichomekee chini ya godoro, sio kukining'iniza tu kama pazia. Mtoto akiwa na joto usikimbilie duka la dawa kununua panadol na kusubiri, mpeleke apimwe kile kipimo cha tone la damu kidoleni, majibu dakika chache. Akikutwa nayo atapewa dawa ya mseto, ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili inatolewa masaa nane baada ya ile ya kwanza na zinazofuata ni asubuhi na jioni, mpe na maziwa au uji wenye mafuta kidogo inafanya kazi vizuri, na malizeni dozi. Kosa kubwa ninaloliona mtaani ni siku ya pili mtoto anacheza, mama anaficha vidonge viwili kwenye kabati eti vya akiba.

Mtoto akiacha kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea hashtuki ukimwita, au akipata degedege, hapo hamna kupima duka la dawa wala kusubiri asubuhi, ni hospitali. Utasikia wazee wanasema degedege sio la sindano, akichomwa sindano anakufa, mpeleke kwa fundi kwanza, yaani mganga wa kienyeji. Usigombane nao pale kwenye kizingiti, waheshimu, waambie fundi atakuja baadae, ita boda au bajaji uondoke. Mtwara mjini kuna hospitali ya Ligula, walioko upande wa Masasi kuna Ndanda, upande wa Mtama kuna Nyangao. Namba ya bajaji anayeweza kuamka usiku iwe kwenye simu yako tangu wiki ya kwanza unayofika.

Kuhara ni ORS na zinki, zinki inaenda siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu, na maji ya kuchanganyia ORS soma kwenye pakiti ni kiasi gani, usikadirie kwa macho.

Chakula msiwe na wasiwasi, watoto wa pwani wanakula vizuri ukijua kununua. Asubuhi feri samaki wanashuka, nenda mapema kabla wachuuzi hawajanunua, kwa mtoto anayeanza kula usimpe changu ana miba ya kujificha, chukua nguru au jodari kipande, chemsha, mchambue kwa vidole vyako mwenyewe usimwachie mtu. Dagaa wa kukausha toa vichwa, osha mara kadhaa mchanga uishe, kausha tena juani alafu twanga, kijiko kimoja kwenye uji au kwenye ugali wa mtoto. Korosho nazo msiziuze zote au kuzituma Dar kama zawadi, nunua vipande, vile vilivyovunjika vinauzwa bei ya chini, kaanga kidogo bila mafuta mpaka vibadilike rangi kwa mbaaali, twanga kwenye kinu mpaka iwe laini na mafuta yaanze kutoka, unachota kijiko unakoroga kwenye uji ukiwa unachemka. Anza kidogo uangalie kama haimpi vipele. Nzimanzima usimpe mtoto mdogo, zinakaba.

Unga wa muhogo uwe makini nao. Kuna muhogo mchungu huku, ukitengenezwa vibaya una sumu inayolemaza miguu, na miaka ambayo njaa inabana watu wanaharakisha kuukausha bila kuloweka vya kutosha. Nunua kwa mtu unayemjua. Na uji wa muhogo peke yake unashibisha tumbo tu, mtoto haongezeki uzito kwenye kadi ya kliniki.

Maji sisemi sana, ila wa Newala na Tandahimba kule juu jiandaeni, nunueni simtank au mapipa kabla ya kununua makochi, na nyumba yenye kisima cha kuvunia mvua ni bora kuliko yenye taili.

La mwisho ni kwa mliooana na watu wa huku au mtakaooana nao, maana wengi mnapigwa na butwaa. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo unaenda kwa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kwa mtoto kuliko unavyodhani. Kama mama ni mwenyeji na wewe ni baba mgeni, jua kaka wa mke wako ataulizwa kuhusu jando na unyago kabla yako. Kama ni kama mimi, mama mgeni, mume mwenyeji, wanachanganyikiwa kidogo maana huna wajomba hapa, basi bibi mzaa baba anashika usukani. Jando na unyago vinafanyika likizo ya mwezi wa sita na wa 12, na matayarisho yanaanza muda mrefu kabla, mchele unanunuliwa, khanga zinanunuliwa, watu wanaalikwa. Ukisubiri uambiwe utaambiwa wiki moja kabla, na ukikataa hapo utakuwa umemuaibisha mama mkwe mbele za watu.

Mi nilianza kuongea mtoto akiwa bado chekechea. Nikakaa na mama mkwe jikoni tunakuna nazi, nikamwambia mama mi sikatai mila, naomba vitu viwili, tohara ifanyike hospitali kwa ganzi na kifaa safi, na asikose shule hata siku moja. Akanyamaza kwanza, akaniuliza na mafundisho je, nikamwambia mafundisho ni yenu mi siyajui hata nikitaka kuyafundisha. Akasema basi ataongea na wazee. Mtoto akatahiriwa na nesi likizo ya Desemba, alipopona akaenda likumbi, kambi ya jando, kwa wenzie kwa siku alizopangiwa, akatoka na nguo mpya anacheza ngoma, nikachangia kuku na soda, na shule zilivyofungua mwezi wa kwanza alikuwa kwenye mstari na wenzake. Wa kike bado mdogo, ila kuhusu umri wake na shule nimeshaanza maongezi na bibi yake, tena hapo hapo kwenye mbuzi ya nazi.