Hesabu vipande vyako kwanza

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Niliweka laki tatu Mfuko wa Ukwasi mwezi uliopita, mbona faida siioni ikiingia?" Swali hili naulizwa sana, acha nijibu hapa. Ukwasi ni mmoja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayoisimamia kama meneja.

Haiingii kama mshahara. Hela yako imenunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko. Tuseme siku ile kipande kilikuwa shilingi 400: laki tatu yako ni vipande 750. Bei ikifika 404, vipande ni vilevile 750 ila vina thamani ya shilingi 303,000. Faida imo humohumo kwenye bei, na gharama za meneja zimeshakatwa. UTT AMIS wanatangaza bei hizo, zifuatilie. Anayetaka gawio, yaani faida ya kulipwa mkononi, aulizie Mfuko wa Jikimu.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Nilipoanza kununua vipande, shemeji yangu alisimama kwenye sherehe ya kipaimara, ukoo mzima unasikia, akasema nawapelekea watu wa ofisini hela ya kula. Watu wakacheka. Mpaka leo linaniuma. Lakini kila nikilipwa hela ya sare za shule, fungu la vipande lilitoka kwanza, kabla ya uzi na zipu. Mwaka jana nikauza sehemu ya vipande, nikanunua mashine ya ovaloki kwa hela taslimu, bila kugusa mkopo wa kausha damu. Nimeiweka mlangoni kabisa, na shemeji hupita hapo akienda sokoni.

Ndugu zangu, hati fungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ya miaka 20 au 25 mnadani inaanzia shilingi milioni 1. Fundi kama mimi angeifikia lini? Mfuko unakusanya elfu kumi kumi zetu na kuinunua, huku mali ikitunzwa na benki, siyo meneja. Acheni kukimbilia wanaoahidi kuzidisha hela mara mbili kwa mwezi! Wekeni kidogokidogo, tulieni.

Ila chagueni mfuko kwa akili. Mfuko wa Umoja una hisa za kampuni ndani yake. Hisa zikishuka sokoni, kipande nacho hushuka. Ada ya muhula ujao haikai huko.

Kwa hiyo dada, usiuze sasa, ongeza ukipata. Na kama hela hiyo ni ya ada ya Januari, peleka ombi la kuuza Desemba mapema, maana malipo huchukua siku kadhaa za kazi na sikukuu hazihesabiwi.