Maswali ya Wasomaji: Uzembe wa wakili na adhabu ya kifo

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia kwamba baadhi ya waliohukumiwa kifo nchini Marekani hukata rufaa wakidai kuwa mawakili wao hawakuwatetea ipasavyo. Je, dai hilo hupewa uzito wowote mahakamani?

JIBU: Ndugu msomaji, dai hilo husikilizwa, ila kulithibitisha ni kazi ngumu. Mwaka 1984, katika shauri la Strickland dhidi ya Washington, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mlalamikaji hana budi kuonyesha kuwa utendaji wa wakili ulikuwa chini ya kiwango kinachokubalika na kwamba, lau si kasoro hizo, upo uwezekano wa kuridhisha kuwa matokeo yangekuwa tofauti. Sharti hilo la pili ndilo huwaangusha wengi. Washington mwenyewe, yaani mfungwa aliyeleta dai hilo, alishindwa, na adhabu yake ikatekelezwa Florida mwezi Julai mwaka huohuo.

Mara nyingi ubishi hauhusu kama mshtakiwa aliua. Unahusu awamu ya adhabu, ambapo juri (raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi) hupima kati ya kifo na kifungo cha maisha, na wakili hutarajiwa awe ameyachunguza kwa kina maisha ya mteja wake. Katika shauri la Wiggins dhidi ya Smith la mwaka 2003, hukumu ya kifo ilitenguliwa kwa sababu mawakili hawakufuatilia mateso makali aliyoyapata mteja wao utotoni, ingawa dalili zake zilikuwamo katika nyaraka walizokuwa nazo.

Kinachonihuzunisha zaidi ni utaratibu wenyewe. Ushahidi wa uzembe kwa kawaida huwa nje ya kumbukumbu za kesi, kwa hiyo dai hupelekwa kwanza katika mahakama ya jimbo kwa maombi ya baada ya rufaa, ndipo lifike mahakama ya shirikisho, ambako sheria ya mwaka 1996 imeweka ukomo wa mwaka mmoja wa kuwasilisha maombi. Iwapo wakili wa hatua ya jimbo naye alizembea kuukusanya ushahidi huo, uamuzi wa Shinn dhidi ya Ramirez wa mwaka 2022 huizuia mahakama ya shirikisho kuupokea, isipokuwa katika hali chache sana. Naona si haki mfungwa abebeshwe makosa ya mawakili wawili, ambao mara nyingi hata hakuwachagua.

Kwa hiyo, familia inayotaka kusaidia isingoje mahakama ya shirikisho. Rekodi za hospitali na za shule, pamoja na majina ya ndugu na majirani wanaoujua utoto wa mfungwa, vimfikie wakili wake shauri likiwa bado katika mahakama ya jimbo.